Feni Aliyotengenezewa Bibi

Chozi lilidondoka juu ya gauni la harusi, likaacha doa la maji kwenye kitambaa cheupe, na Bibi akajua kwamba siku zake katika nyumba ile zinahesabika. Akainama, akajifanya anatafuta kifungo sakafuni. Hakutaka mkwe wake ajue kwamba ameliona.

Wala halikuwa la kwanza. Tangu Bibi ahamie kwa mwanawe, mke wa mwanawe alikuwa mtu wa machozi. Asubuhi anaamka mzima, anaamkia vizuri, anatania. Akishakaa kwenye cherehani kitambo, macho yanaanza kuwa mekundu, na ikifika mchana yanamwagika tu. Anayafuta kwa mkono wa blauzi, anaendelea kushona kama hakuna kilichotokea. Hapigi kwikwi, halalamiki. Hilo ndilo lililomtisha Bibi zaidi. Anayelia kwa sauti anataka kuulizwa, lakini anayelia kimya huyo ameshafikia uamuzi.

Mtaani walimwita mkwe huyo Fundi, na Bibi naye moyoni alimwita hivyo hivyo. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Kilikuwa na cherehani chini ya dirisha pekee, meza ya kukatia, nguo za watu zimetundikwa ukuta mzima, na kiti kimoja cha mbao chenye mto ambacho tangu ujio wa Bibi hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Kazi ya Bibi ilikuwa kupanga vifungo kwa rangi na kuokota vipande. Si kazi kubwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa na miezi, na jembe lenyewe magoti yake yasingelibeba.

Ilikuwepo kazi nyingine aliyojipa mwenyewe, nayo ilikuwa feni.

Feni ile mwanawe aliiokota kwenye rundo la vyuma chakavu wiki aliyohamia mama yake. Mwanawe ni mchomeleaji wa mageti na madirisha, watu humwita Cheche. Shingo ya feni ilikuwa imevunjika, akaichomelea mwenyewe, tena akaichomelea kifundi hasa, kiasi kwamba haikugeuka tena kulia wala kushoto. Ilitazama mbele tu kama askari kwenye gwaride. Akaisimamisha mbele ya kiti cha Bibi, akawasha, akarudi nyuma kuitazama utadhani amejenga ghorofa.

"Mama, hapa joto hulioni tena."

Bibi hapendi upepo wa feni hata kidogo. Humwingia magotini, ukatulia humo. Lakini mtu umwambie nini mwanao aliyetoa jasho kukutafutia ubaridi? Akasema asante, Mungu akubariki. Kesho yake, Cheche alipotoka tu kwenda kazini, Bibi akasimama, akaikumbatia feni kiunoni, akaizungusha yote na mguu wake mpaka ikamtazama Fundi.

"Pata upepo, mwanangu. Wewe ndiye unayefanya kazi."

"Asante, Mama."

Ikawa desturi. Asubuhi feni kwa Fundi, jioni kabla Cheche hajarudi feni kwa Bibi, naye anakaa mbele yake amejifunika shuka magotini, anatabasamu kwa uvumilivu. Na kila alipoona machozi ya mkwe wake yanazidi, aliisogeza karibu kidogo. Kama yeye ndiye mzigo, basi angalau awe mzigo unaopepea.

*

Mama wa biarusi alifika mchana kujaribu urefu wa pindo. Alipiga hodi akiwa ameshaingia, kama wafanyavyo wateja wanaojijua. Akasimama ghafla katikati ya chumba.

"Fundi! Unalia?"

"Hapana, dada. Macho tu yananiwasha."

"Macho tu." Mama wa biarusi akamtazama Fundi, kisha taratibu akamgeukia Bibi kwenye kiti chake chenye mto, akamtazama kuanzia miguuni. Ni mtazamo ambao kila mama mkwe duniani anaujua, hata yule asiye na hatia. "Na wewe mama, samahani sana. Mtoto wa mwenzio ni mwanao. Mwoneeni huruma watoto wa watu."

Bibi akainamia vifungo vyake. Angesema nini? Kwamba hajamfanyia kitu? Ndivyo wasemavyo wote waliofanya.

"Mama hahusiki," alisema Fundi, akiinuka. "Nakuapia, dada, huyu ni kama mama yangu. Ni macho."

"Hewaa. Na hili doa hapa?" Kidole chenye pete kilikuwa kifuani pa gauni. "Kwa hiyo mwanangu aende kwenye ndoa yake na nguo iliyoliliwa? Hata kabla hajaingia nyumbani kwa mume, nuksi tayari?"

"Maji tu hayo, yatakauka."

"Yakaukie kwangu."

Akalikunja gauni kifuani kama mtoto aliyeokolewa kwenye moto, akatoka nalo. Lilikuwa na mkono mmoja tu. Wa pili ulibaki chini ya sindano ya cherehani, nusu umeshonwa, na Fundi alibaki ameketi ameushika, huku feni ikiupeperusha kidogo kidogo.

"Atarudi," alisema hatimaye. "Hakuna harusi ya gauni la mkono mmoja."

Alijaribu kucheka. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na Bibi hakuweza kuyavumilia zaidi. Akaenda chumba cha ndani alikolala na mjukuu wake, akavuta begi lake chini ya kitanda. Lilikuwa begi zuri la safari, ila zipu ilikuwa imeng'oka meno. Alikuwa na mdogo wake aliyepanga chumba kimoja na mabinti zake, ambaye kwenye simu alikuwa ameshasema karibu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Basi, ataenda huko. Nyumba ya mwanawe isivunjike kwa sababu yake.

Akalileta begi mbele.

"Nitengenezee zipu, mwanangu, ukipata nafasi."

Fundi akalipokea. Akapitisha kidole kwenye yale meno yaliyong'oka, polepole.

"Unasafiri, Mama?"

"Nisafiri wapi na magoti haya? Nguo zinaingia vumbi tu."

Fundi akamtazama kwa yale macho yake mekundu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa habari ya zipu.

"Kesho, Mama," akasema, akalitundika begi msumarini.

*

Cheche alirudi jioni akinuka chuma kilichoungua, akamkuta mama yake mbele ya feni na mke wake jikoni. Habari za gauni hakuzipata kwa yeyote kati yao. Alizipata kwa binti yake, ambaye aliitwa Kasuku kwa kuwa neno likimwingia sikioni halilali humo.

"Baba, hata kabla hajaingia nyumbani kwa mume, nuksi tayari?"

"Nani kasema hayo?"

"Mama wa biarusi. Na akasema mwoneeni huruma watoto wa watu. Na Bibi akanyamaza."

Cheche akaingia jikoni. Bibi alisikia kila kitu, maana ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa heshima tu.

"Unalia nini, mke wangu? Niambie."

"Silii."

"Na hayo ni nini? Umande?"

"Vumbi la vitambaa. Nimezoea."

"Ni mimi? Ni kazi? Au ni..." Akashusha sauti, na Bibi akafumba macho kwenye kiti chake. "Ni Mama?"

"Wewe koma! Mama amenikosea nini? Nimesema vumbi."

Alisema kwa ukali uliopita kiasi, na Bibi akausikia ukali ule kama kukiri. Watu wengi wamehukumiwa kwa kutetewa sana.

Cheche alikuwa mtu wa vitendo. Kesho yake alirudi na kichupa cha dawa ya macho kutoka karakana. Kichupa hicho kilikuwa cha wote. Kila mchomeleaji aliyepigwa na mwanga wa moto alijidondoshea, akamrushia mwenzake.

"Hii ni kiboko. Ukiweka hii, asubuhi unaona mpaka dhambi za jirani."

Fundi akaweka. Dawa ikachoma, akaruka, halafu wekundu ukafifia pale pale, macho yakawa meupe kama ya mtoto. Nyumba nzima ikafurahi. Cheche akazunguka chumbani akijisifu, Kasuku akazunguka nyuma yake akirudia sifa zenyewe. Ni Bibi tu aliyeendelea kupanga vifungo. Alijua kwamba huzuni hainyunyiziwi dawa.

Na kweli. Siku chache tu, wekundu ulirudi na ndugu zake. Fundi akawa anajidondoshea asubuhi na jioni, kisha kila mara. Akishona anasimama, anafinya macho, anaendelea. Alikosea kola ya shati la mwalimu, akaifumua. Alishona sketi ya mteja ndani nje, akaifumua. Zamani alitunga uzi huku anaongea na mtu mlangoni, sasa alimpa Kasuku amtungie.

"Zipu vipi, mwanangu?" Bibi aliuliza kila baada ya siku mbili tatu, taratibu, asionekane ana haraka.

"Kesho, Mama."

Bibi alitikisa kichwa. Ahadi ya fundi cherehani haijawahi kumzuia mtu kuvaa nguo ya zamani. Lakini wakati mwingine, akilitazama begi msumarini, alijiuliza kama Fundi hata kumfukuza anamwonea haya.

*

Siku ile sindano ilipoingia kidoleni, Fundi hakupiga kelele. Cherehani ilinyamaza, basi. Bibi aliinua macho kutoka kwenye vifungo, akamwona mkwe wake ameketi wima, mkono umenaswa chini ya mguu wa cherehani, anautazama kama si wake.

Bibi hakujua kwamba bado anaweza kuinuka upesi namna ile. Akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikapanda, akakifunga kidole kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu. Ulikuwa ule mkono wa gauni la harusi. Damu ikalowa kwenye weupe wake.

"Mama! Si hicho!"

"Potelea mbali. Kitambaa kinanunuliwa."

Hapo ndipo Fundi alipolia. Alilia kwa sauti, mabega yanatetemeka, kamasi zinamtoka, paji la uso ameliegemeza tumboni mwa Bibi. Na Bibi, akiwa amesimama ameshika kile kichwa, alishangaa, kwa sababu kilio hiki hakikufanana hata chembe na yale machozi ya kila siku.

"Sioni vizuri, Mama."

"Unasemaje?"

"Sioni. Macho yananichoma kama yametiwa mchanga. Nikishona yanaingia ukungu. Nikipepesa unaondoka, dakika si dakika umerudi. Sindano sikuiona, niliikisia." Akavuta pumzi. "Mama yangu alipofuka. Wewe hukumkuta. Hakutuambia, alituficha kila kitu. Tulijua siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina."

"Yale machozi, siku zote hizi..."

"Yanatoka yenyewe. Hata nikiwa na furaha yanatoka."

"Kwa hiyo si mimi?"

Lilimponyoka. Fundi akainua uso uliolowa.

"Wewe umefanya nini?"

"Basi. Tuyaache hayo."

Lakini Bibi alikuwa amefurahi. Furaha ilimpanda ghafla mwili mzima, mpaka kwenye yale magoti yake. Hakuwa yeye! Papo hapo akajionea aibu. Mtoto wa watu anamwambia anapofuka, yeye anashangilia kiti chake chenye mto! Akakaza kile kitambaa kidoleni.

"Mumeo anajua?"

"Nimwambie nini? Ataacha kula. Unamjua mwanao."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeshaanza kuumbuka. Vaa viatu."

"Leo? Kazi za watu..."

"Vaa viatu, nimesema. Kasuku! Mletee mama yako kile kichupa chake, na wewe uoshe uso. Tunatoka."

*

Kwenye kliniki ya macho walikaa kwenye benchi mpaka Kasuku akamaliza kuuliza wagonjwa wote wanaumwa nini. Mtaalamu alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa, na Bibi alimtilia shaka mpaka alipoona anavyoshika kope za mtu, polepole, kama anayefunua kifaranga.

Alimpima Fundi kwa herufi za ukutani. Akampima presha ya macho. Akamulika mpaka ndani. Akamtia rangi ya manjano, akamtazama kwa mwanga wa buluu. Mwisho akamtundikia vipande vyembamba vya karatasi kwenye kope za chini, akamwambia atulie. Kasuku aliziba mdomo kwa mikono miwili asicheke. Mtaalamu alipovitoa akavitazama, akavionyesha. Karatasi zilikuwa zimelowa kwenye ncha tu.

"Macho yako ni makavu, dada."

"Makavu?" Bibi alishindwa kujizuia. "Binti yangu, huyu analia kutwa kucha! Tumepoteza gauni la harusi kwa machozi yake!"

Mtaalamu akatabasamu. "Ndivyo yanavyodanganya, bibi. Chozi zuri si maji matupu. Lina mafuta juu yake, kama mchuzi, ndiyo yanayolizuia lisikauke. Jicho likikauka linapiga yowe, mwili unasikia, unamwaga maji kwa pupa. Maji hayo hayakai, yanateleza mpaka shavuni. Shavu linalowa, jicho linabaki na kiu yake."

"Sipofuki?" Sauti ya Fundi ilikuwa ndogo sana.

"Presha yako nzuri. Ndani kwa nyuma kuko salama. Ukungu unaouona ni wa ukavu, ndiyo maana ukipepesa unaondoka. Lakini mama yako alipofuka na hatujui alikuwa na nini, kwa hiyo utakuja kupimwa kila mwaka, hata kama hayaumi. Yapo magonjwa ya macho yasiyopiga hodi. Umesikia?"

Fundi aliitikia kwa kichwa. Bibi akaushika mkono wake ule wenye kidole kilichofungwa, akauweka mapajani mwake.

Mtaalamu akakichukua kichupa cha karakana, akakigeuza. "Hiki je?"

"Cha kazini kwa mume wangu."

"Wanakitumia wangapi?"

"Wote."

"Basi kimetosha." Akakitupa kwenye ndoo. "Kinaondoa wekundu, hakiondoi ukavu, na kadiri unavyokitumia wekundu unarudi na hasira. Tena kichupa cha watu wote ni vijidudu vya watu wote. Mwambie mzee avae kile kioo chao cha kazi, asitegemee matone." Akafungua droo, akatoa sindano na uzi. "Hebu nitungie hii, kama uko kazini."

Fundi akainama juu ya sindano. Wote watatu wakamtazama usoni. Muda ukapita. Uzi ukaingia, ukatoka, ukaingia tena, na kope za Fundi hazikucheza hata mara moja.

"Mama hapepesi!" Kasuku alinong'ona.

"Hapepesi. Anayekodolea kazi ya karibu anasahau kupepesa, na kupepesa ndiko kunakolipaka jicho mafuta yake." Mtaalamu akakaa. "Sasa niambie unapofanyia kazi. Kuna moshi?"

"Hapana."

"Upepo? Kuna feni inayokupuliza usoni?"

Fundi akatazama chini. Bibi akamgeukia mkwe wake.

"Hapana," alisema Fundi.

"Ipo!" Kasuku alisimama kabisa. "Ipo, Mama, umesahau! Bibi humgeuzia Mama asubuhi. Akilia sana, Bibi anaisogeza. Baba akikaribia kurudi, Bibi anaigeuza kwake."

Mtaalamu aliwatazama wale wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine, akaelewa zaidi ya mambo ya macho.

"Basi," akasema kwa upole, "tuanze na feni."

*

Njia nzima Kasuku aliimba kwamba Mama amenunuliwa machozi ya chupa, yale matone mapya ya kliniki. Bibi alitembea nyuma yao. Walipofika aliizima feni, akachomoa waya ukutani, akauzungushia shingoni mwa feni yenyewe. Kisha akalitoa begi msumarini. Zipu ilikuwa vile vile, imeng'oka meno. Akaingia ndani, akapanga nguo zake humo, akatafuta kamba ya kulifungia.

Cheche aliporudi aliikuta feni imejinyonga kwa waya wake na mama yake ameketi kwenye kiti, begi miguuni.

"Kuna nini hapa?"

"Ni mimi, mwanangu," alisema Bibi. "Nilidhani nimemliza kwa kukaa hapa, kumbe nilimliza kwa kumpepea. Kila siku, kwa mikono yangu mwenyewe. Kesho nikisema namsaidia nitamvunja mguu. Niende kwa mdogo wangu."

Ilibidi aelezwe yote tangu mwanzo, sindano, karatasi, mafuta ya mchuzi. Cheche alikaa juu ya meza ya kukatia, jambo ambalo siku nyingine lingemletea ugomvi.

"Subiri, Mama. Feni nilikutengenezea wewe. Kwa nini uligeuza?"

"Sipendi upepo. Unanikaa magotini."

"Hukuniambia!"

"Ungejisikiaje? Uliichomelea kwa mapenzi."

"Na wewe?" Akamgeukia mkewe. "Ilikuwa inakuchoma macho, hukusogeza kiti?"

"Mama alikuwa amejinyima upepo wake anipe mimi. Nimgeuzie mgongo?" Fundi akafuta macho. "Sikujua kama ndiyo inayoniumiza. Nilijua tu inanisumbua. Nikasema nitavumilia."

Cheche akawatazama kwa zamu. Akashika kichwa kwa mikono yake yenye makovu ya cheche.

"Nyumba hii," alisema, "tutauana kwa adabu."

Kasuku ndiye aliyecheka kwanza. Halafu Cheche, halafu Fundi. Bibi alijizuia mpaka alipoona feni na waya wake shingoni, naye akashindwa. Lakini kicheko kilipokwisha, aliinama akaishika kamba ya begi, akaendelea kufunga fundo.

Fundi akapiga magoti mbele yake. Akalifungua lile fundo kwa ile mikono yake iliyozoea kufumua.

"Mama. Unadhani zipu inanichukua muda gani?"

"Sijui mimi. Kazi zilikuwa nyingi."

"Ni kazi ya kusubiri chai iive. Siku uliyonipa, nilikuwa na zipu ya rangi hiyo hiyo kwenye droo. Mtu hatengenezi zipu ya begi ila ana safari, na begi lisilofungika haliendi mbali." Machozi yalimjaa, akayaacha. "Niliogopa sana kupofuka, lakini nilijisemea, nikipofuka Mama yupo, atanipangia vifungo nivijue kwa mkono. Sasa unaniachia nani?"

Bibi akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani. Akamchunguza kama alivyomwona yule binti wa miwani akifanya.

"Haya ni ya ukavu au ya moyoni?"

"Ya moyoni, Mama."

"Hayo yaache yatoke," alisema Bibi. "Hayana madhara."

*

Macho hayakupona kwa siku moja. Fundi aliweka matone yake kama alivyoelekezwa, na jioni alilala chali na kitambaa cha moto juu ya kope ili mafuta yake yalainike, huku Cheche akikamua kingine kwenye beseni, akiungua vidole na kulalamika, yeye anayeshika moto kutwa. Feni ilipelekwa uani kukaushia nguo siku za mvua. Karakana nao walipata habari zao: Cheche alianza kufokea kila aliyechomelea bila kioo, mpaka wakambandika jina la Daktari.

Bibi alipata kazi. Kiti chake kilisogezwa, kikakaa uso kwa uso na cherehani, na kila alipoona mkwe wake amezama kwenye mshono, macho yamekodoka, alisema neno moja tu:

"Pepesa."

Fundi anapepesa. Baada ya muda: "Tazama nje." Fundi anainua uso, anatazama mbali, kwenye paa la nyumba ya mwisho wa barabara, mpaka Bibi aridhike. Wateja walishangaa mwanzoni. Mama wa biarusi alipoleta gauni lake la mkono mmoja, kiburi kimempungua, kwa kuwa mafundi wengine wote walikataa kumalizia kazi ya mtu, alikuta Fundi anakata mkono mpya wa kitambaa cheupe. Alimwamkia Bibi kwa heshima zote. Bibi alimjibu vizuri, kisha akamtazama machoni.

"Na wewe yako mekundu, mwanangu. Umeshapima?"

Wageni wakishaondoka, vifungo vikishapangwa, wakati mwingine Bibi aliinua macho kwenye begi lake, ambalo lilikuwa limerudishwa msumarini, tupu, limekaa wazi kama mdomo wa mtu anayesinzia.

"Fundi," aliita. "Zipu yangu imefikia wapi?"

Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno, akapepesa macho bila kuambiwa.

"Kesho, Mama."

Na Bibi, ambaye maisha yake yote aliwachukia mafundi waongo, akaushika mto wake, akaugeuza upande laini, akakaa.